Kampuni kubwa au ndogo? Jinsi ninavyowachagulia wateja bima ya gari Kampala

Mimi ni dalali wa bima, na swali hili naulizwa karibu kila siku. Fuata mpangilio huu.

1. Jua kwanza unanunua bima gani. Kwa ile ya lazima, ya mtu wa tatu, usipoteze muda kupima ukubwa wa kampuni. Kinga yake imewekwa na sheria ya 1989: inamfidia mtu aliyeumia au kufariki, kwa kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Bampa ya gari uliloligonga haimo, na yako pia haimo. Hatua zinazofuata ni za anayetaka bima kubwa, ile inayolinda na gari lako mwenyewe.

2. Hakikisha leseni. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (IRA) hutoa orodha ya kampuni zilizoruhusiwa. Jina lisipokuwemo, ondoka, hata bei ikishuka vipi.

3. Uliza madai hulipwaje. Hapa usiwe na haraka. Bei nafuu ni tamu siku ya kununua tu. Kampuni utaijua siku gari limevutwa hadi kituo cha polisi. Uliza: nani anaidhinisha malipo, na anakaa wapi? Katika kampuni ndogo mara nyingi ni mtu unayeweza kumfikia ofisini, na ndiyo maana mwenye gari moja au mawili namwelekeza huko bila wasiwasi. Katika kubwa faili hupita meza nyingi, ila hundi nene haiwashtui. Kisha uliza gereji. Wengine wanakulazimisha kwa mafundi wao, wengine wanakubali wako wa Ndeeba akitoa makadirio ya maandishi. Uliza pia vipuri: vipya, au vilivyotumika kutoka soko la Kisekka? Majibu yote yawe kwenye karatasi. Maneno ya wakala mlangoni hayalipi dai.

4. Kama kampuni ni ndogo na gari ni la bei, au una malori kadhaa, uliza nani anaibebea mzigo kwa bima ya mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine. Anayejibu kwa kusitasita, mwache.

5. Unavuka mpaka wa Malaba kuingia Kenya, au Mutukula kuingia Tanzania? Utahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Wengi hudhani inatengeneza gari lao likipinduka Kenya. Hapana, inahusu madhara uliyowasababishia wengine na matibabu. Kinga ya gari lako nje ya Uganda iandikwe wazi kwenye hati yako. Kwa madereva wa safari ndefu mimi huegemea kampuni yenye ofisi ng'ambo ya mpaka, na hizo aghalabu ni kubwa.

6. Linganisha bei mwisho kabisa, pamoja na kiasi utakachojilipia mwenyewe kwenye kila dai. Bei ya chini yenye makato makubwa ni ghali.

7. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya wakala. Soma muda wa kuripoti ajali kabla hujatoka ofisini. Dai likikwama bila sababu ya maandishi, IRA wana dawati la malalamiko. Nenda na hati, risiti na ripoti ya polisi.