Mpigie mzazi siku usiyotuma hela

Kama mama au baba yuko kijijini na kila mwezi unamtumia ya matumizi kwa simu, chagua siku nyingine kabisa ya kumpigia, angalau siku 3 mbali na muamala. Simu inayofuatana na hela huishia kwenye shukrani na hesabu za mbolea. Hapati nafasi ya kukueleza hali yake. Ukishamwamkia, wahi kusema: "Huku wazima wote mama, nimekukumbuka tu." Bila hivyo simu ya ghafla humtia hofu. Kisha mwambie una kifurushi cha dakika, maana wazazi wengi hukata haraka wakihurumia vocha yako. Uliza kitu kimoja alichokutajia mara iliyopita: yule mbuzi ameshazaa? Goti bado linauma ukiinuka asubuhi? Hapo ndipo anapojua ulimsikiliza; "habari za huko" haimfikishii hilo. Akiwa amekosa dawa au chakula, njia hii haifai: tuma kwanza, mazungumzo baadaye. Na akiwa ameweka spika mbele ya wageni, usimchimbe. Mwulize atakuwa peke yake saa ngapi.