Namna ya Kurekebisha Sheria Ndogo za Ujenzi na Matumizi ya Ardhi Kijijini

Kijiji kilicho pembezoni mwa mji unaokua hupoteza mashamba yake kidogo kidogo: dalali hununua ekari mbili, huzikata viwanja, na baada ya misimu michache nyumba zimefika ukingoni mwa mto na njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji imezibwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, kwa hiyo uwezo wa kuzuia hali hiyo upo. Tatizo la kawaida ni haraka, maana sheria ndogo iliyopitishwa kwa mkato ni rahisi kupingwa mahakamani.

Anzeni na nyaraka. Tafuteni cheti cha ardhi ya kijiji, ramani ya mipaka na mpango wa matumizi ya ardhi. Ikiwa mpaka na kijiji jirani una mgogoro, umalizeni kwanza. Ikiwa mpango haupo, iandikieni halmashauri ya wilaya iwaletee wataalamu wa kuwasaidia kuuandaa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007.

Kabla ya kuandika lolote, tembeeni eneo lote kwa miguu. Msiwatume wenyeviti wa vitongoji peke yao. Wachukueni wafugaji wanaojua mapito ya mifugo na kina mama wanaojua ni chemchemi ipi haikauki kiangazi, kwa sababu mambo hayo aghalabu hayaonekani kwenye ramani ya ofisini.

Uandishi wa rasimu ndio unaostahili muda mrefu zaidi. Kifungu kinachosema "ni marufuku kuharibu mazingira" hakimzuii mtu yeyote. Andikeni kwamba hairuhusiwi kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kipimo ambacho tayari kimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Tajeni eneo la makazi linaanzia na kuishia wapi, nani anapokea ombi la kujenga, nani anakwenda kukagua kabla msingi haujachimbwa, na faini ni kiasi gani, mkimwomba mwanasheria wa wilaya ahakikishe kwamba faini hiyo haivuki kiwango kinachoruhusiwa. Mipaka ioneshwe kwa mawe yaliyosimikwa na kupimwa. Mwembe wa mzee fulani ukitumiwa kama alama ya mpaka hukatwa, na ushahidi huondoka nao. Wekeni pia kifungu kinachowahusu waliokwisha kujenga, la sivyo hao ndio watakaokuwa wapinzani wenu wa kwanza mkutanoni.

Rasimu ikikamilika, ipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Tangazo litolewe mapema, rasimu isomwe kifungu kwa kifungu, mahudhurio yaandikwe kwa majina na saini, na hoja za wanaopinga ziingie kwenye muhtasari kama zilivyotolewa. Baada ya hapo rasimu huenda kwa halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe, na kabla ya idhini hiyo haina nguvu ya kisheria. Mwombeni diwani wenu afuatilie, kwa kuwa jalada likikosa mfuatiliaji hulala.

Sheria ndogo ikishaanza kutumika, yaangalieni mambo mawili. Halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia, hata kama mwekezaji ameahidi zahanati. Vilevile, eneo likitangazwa kuwa la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, uamuzi kuhusu ujenzi huhamia kwa mamlaka ya upangaji. Mkisikia tetesi za tangazo la namna hiyo, pelekeni ramani na mpango wenu kwa ofisa mipango miji wa wilaya mapema, pamoja na barua ya kuomba mashamba, malisho na vyanzo vya maji viingizwe kwenye mpango mpya, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.