Nairobi hadi New York: usidanganywe na saa za kwenye tiketi

Ndugu zangu mnaosafiri, saa za kwenye tiketi ni za mahali ulipo wakati huo. Ukiondoka Nairobi 23:00 na kutua New York 06:00, si safari ya saa saba! Ni kama kilomita 11,800, na ndege ya moja kwa moja huchukua takriban saa 15. New York iko nyuma yetu kwa saa 8, au 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, wanaposogeza saa zao mbele. Kurudi huwa kufupi kwa kama saa moja, kwa sababu upepo mkali wa huko juu huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege.

Jambo linalowaponza wengi ni tarehe. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwe uwanjani tarehe 14 jioni, tafadhali. Ukija usiku wa tarehe 15, ndege imekwisha kwenda, na wanaokuja kukupokea waambie saa ya kwao, si ya kwetu.