Somo: Kuomba Leseni ya Kuuza Pombe Kenya, kwa Baa au Mkahawa

Kwa kuwa swali la jinsi ya kupata leseni ya kuuza pombe hurudi kila mara, naliandikia somo moja. Katiba ya 2010 iliweka leseni za vileo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo ada ziulize katika kaunti yako. Msingi unabaki Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha.

1. Sajili jina la biashara au kampuni.

2. Pata PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi kutoka Mamlaka ya Mapato Kenya) na cheti cha kuthibitisha kwamba umelipa kodi.

3. Chagua jengo. Sheria inataka liwe umbali wa angalau mita 300 kutoka kwa shule yoyote ya walio chini ya miaka 18, na chekechea imetajwa waziwazi. Usitie sahihi mkataba wa kupanga kabla ya kupima. Nimeona mpangaji aliyelipa gudwili (pesa za kupewa nafasi ya kupanga), akajenga kaunta na kununua friji, ndipo akaambiwa kwamba ghorofa ya nyuma ina chekechea isiyo na hata bango. Ombi lake likakataliwa, na mwenye nyumba hakumrudishia kitu. Zunguka mtaa mzima kwa miguu asubuhi ya siku ya shule, waulize majirani, na usitegemee neno la dalali, kwa maana hasara itakuwa yako.

4. Jaza fomu ya kamati ya kaunti ndogo, ukitaja aina ya leseni.

5. Afisa wa afya ya umma atakagua vyoo, maji na jikoni.

6. Ombi hutangazwa ili mwenye pingamizi aliwasilishe. Hudhuria kikao wewe mwenyewe.

7. Lipa ada, kisha tundika leseni mahali inapoonekana.

Swali: Nina leseni ya biashara ya kaunti. Si inatosha?
Jibu: Haitoshi. Pombe ina leseni yake; soma hatua ya 4.

Swali: Nimenunua baa, na leseni ya aliyeniuzia haijaisha. Niendelee nayo?
Jibu: Hapana. Imetolewa kwa jina lake, si lako. Omba kuhamishiwa kabla ya kuuza hata chupa moja.

Swali: Samahani kwa usumbufu, nimesoma yote. Nikichukua leseni ya mkahawa, mteja anaweza kukaa na bia pekee?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Leseni ya mkahawa inaruhusu kinywaji kiandamane na chakula, kwa hiyo jikoni lazima pafanye kazi kweli. Ukitaka wateja wa kunywa tu, omba leseni ya rejareja ya kunywea hapo hapo, yaani ya baa, nayo kwa sheria ya 2010 huruhusu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Kabla ya kuamua, hesabu mauzo ya mchana.

Swali: Na muziki?
Jibu: Muziki una leseni yake ya hakimiliki, nayo hulipiwa kando.