Kuzunguka kusini mwa Hispania kwa treni na basi bila haraka, mipango yote ukianzia hapa Dar

Wadau wengi wa hapa Dar wakinionyesha ratiba zao za Hispania nachoka hata kuzisoma, siku kumi miji minane, leo Madrid kesho Barcelona keshokutwa Sevilla, mtu anarudi nyumbani anachokumbuka ni kuvuta begi stesheni. Ushauri wangu ni tofauti kabisa. Chukua kusini peke yake, yaani Andalucía, kaa humohumo wiki mbili au tatu, chagua miji minne mitano ya kulala, hiyo mingine yote unaenda asubuhi unarudi jioni na begi umeliacha chumbani. Na hakuna haja ya kukodi gari hata siku moja.

Ila kuna mpangilio wa kufuata. Watu wanaanza na hoteli, wakishalipia ndo wanakumbuka usafiri, hapo ndo wanakuta chumba kizuri kipo kijiji ambacho Jumapili basi haliji. Wewe anza na usafiri. Fungua ramani, chora njia za treni, chora za mabasi, afu ndo uamue unalala wapi.

Njia zenyewe si ngumu. Treni ya kasi, AVE, inashuka kutoka Madrid mpaka Córdoba, ikitoka hapo tawi moja linaenda Sevilla na lingine linashuka Málaga, na tangu 2019 Granada nayo imeungwa. Hiyo ya Madrid–Sevilla ndo ya kwanza kabisa nchini kwao, ilifunguliwa 1992, kilomita 471 unatumia kama saa mbili na nusu. Kwahiyo Córdoba ndo njia panda yako, ukiwa pale Sevilla ni dakika 45 hivi, Málaga kama saa moja. Sevilla kwenda Cádiz kuna treni ya kawaida inapitia Jerez, saa moja na dakika arobaini hivi. Baada ya hapo treni zinaisha na mabasi yanashika usukani: mji wa pwani wa Nerja hakuna treni, Marbella pamoja na ukubwa wake wote hakuna treni, vijiji vya milimani ndo kabisa. Málaga kwenda Granada pia panda basi la ALSA, saa moja na nusu mpaka mbili umefika, usihangaike na treni hapo.

Kwenye tiketi kuna tofauti kubwa ambayo ukiielewa mapema unaokoa hela. AVE bei yake inapanda kadri siku inavyokaribia, na kampuni tatu zinashindana, Renfe, Ouigo na Iryo, kwahiyo hiyo kata mapema. Treni za kawaida za mkoani na mabasi mengi bei haibadiliki sana, unaweza kukata kesho yake au hata palepale dirishani, na hii ndo inakupa uhuru, umeamka mvua inanyesha au umechoka, unaahirisha bila kupoteza kitu. Usikate kila kitu ukiwa Dar. Kabla hujaanza kulipia mtandaoni piga simu benki yako waifungulie kadi malipo ya nje, na tovuti nyingine za huko zinasumbua kadi za kigeni, ikigoma jaribu tovuti za Trainline au Omio, au subiri ukakate stesheni.

Waliopanda SGR kwenda Dodoma hawatashangaa kitu kwenye AVE, utaratibu ni uleule, tiketi ina jina lako, begi linapita kwenye mashine, geti linafungwa kabla treni haijaondoka, kwahiyo fika mapema na pasi ya kusafiria iwe karibu. Treni za kawaida hazina hayo, unaingia unakaa. Na kama unasafiri na mzee, labda mama au babu mwenye magoti, stesheni kuna huduma ya kusaidia abiria, bure, wanampokea wanampandisha mpaka kwenye siti yake, ila muiombe kabla ya siku ya safari.

Sasa viza, maana bila hiyo hakuna safari. Ni ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ubalozi wa Hispania upo hapahapa Dar, ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla mpaka siku 15 kabla ya kusafiri. Hizo siku 15 zisahau, nenda miezi miwili mitatu kabla. Hapa safari ya polepole inakusaidia sana, kwasababu wanataka kuona unalala wapi kila usiku, na mwenye miji minne ana karatasi nne tu za hoteli, ratiba yake inaeleweka kwa kuiangalia mara moja. Tafuta vyumba vinavyokubali kufuta bila kukatwa hela, weka bukingi, viza ikitoka ndo uthibitishe. Na hili lishike sana: kule kusini Tarifa utaiona Afrika kwa macho, ni kilomita 14 tu, na kuna boti za kwenda Tangier muda wa kama saa moja, watu wanashawishika. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukivuka umeshatoka Schengen, kurudi hakuna.

Kuhusu miezi, kwa moyo wote nakwambia kimbia Julai na Agosti. Najua tunajiona tumezoea joto, ila Sevilla na Córdoba zinapita nyuzi 40, joto kavu, halina upepo wa bahari, na jua linazama karibu saa nne usiku. Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba, ndo penyewe. Angalia tu wiki ya kabla ya Pasaka, maandamano ya kidini yanajaza mji mzima, na Sevilla muda si mrefu baada ya Pasaka wana Feria, sherehe kubwa ya mji, vyumba vinapanda bei vibaya. Ukienda Desemba pita soko la Mchikichini utafute koti zito, kwasababu Granada ipo juu kama mita 700 na mlima wake una barafu.

Njia ninayoipenda inaanzia Málaga. Turkish wanatoka Dar, unabadilisha Istanbul unashuka Málaga moja kwa moja, uwanjani kuna treni ya C1, kila dakika 20, na dakika kama 12 upo mjini. Lala siku mbili tatu upate usingizi, nenda Nerja kwa basi, rudi.

Granada ipe siku tano. Watu wanaipa moja, wanaona Alhambra, ile ngome yenye majumba ya wafalme wa Kiislamu wa zamani, wanakimbia, na hapo wanakosa mji wenyewe. Tiketi ya Alhambra ndo kitu pekee cha kukata kabla ya chumba, inaisha wiki nyingi kabla, ina jina na namba ya pasi yako, na saa ya kuingia majumba ya Nasrid yaliyo ndani yake imeandikwa, ukichelewa hiyo saa hawakuingizi. Kupanda juu kuna vibasi vidogo vyekundu, C30 kwenda Alhambra na C31 kwenda mtaa wa zamani wa Albaicín. Hiyo C31 mimi ningeipanda hata kama sina pa kwenda. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wa miguu wanajibana ukutani kuipisha, dereva anakata kona pole pole kioo cha pembeni kikikaribia kugusa chokaa, abiria wametulia na mifuko yao ya sokoni miguuni. Shuka karibu na uwanja wa San Nicolás, Alhambra yote ipo mbele yako na milima ya theluji nyuma yake, na pembeni tu kuna msikiti uliofunguliwa 2003 wenye bustani inayotazama hukohuko. Chini kwenye mtaa wa Calderería utapata msosi wa halali bila kuhangaika.

Siku nyingine ukiwa hapohapo Granada panda ALSA ya kwenda Alpujarra, vijiji vyeupe vya Pampaneira, Bubión na Capileira, cha mwisho kipo zaidi ya mita 1,400. Basi linapanda kwa kona zisizoisha, kama tumbo lako ni jepesi kaa mbele na kunywa dawa kabla. Mabasi ni machache kwa siku, kwahiyo shuka Capileira juu kabisa, teremka kwa miguu kijiji kimoja kimoja, upandie Pampaneira kurudi. Na sheria hii itumie kila safari ya kwenda na kurudi: angalia basi la mwisho la kurudi kwanza, ndo uangalie la kwenda.

Ratiba zao ukizisoma haraka zinakuponza. Saa ni za mtindo wa 24, 14:30 ni saa nane na nusu mchana, 21:15 ni saa tatu na robo usiku, zibadilishe ziandike kwenye daftari kwa saa zetu kama ndo unavyofikiri. Afu angalia pembeni, laborables ni siku za kazi, sábados Jumamosi, domingos y festivos ni Jumapili na sikukuu, na hapo kwenye sikukuu mabasi ya vijijini yanaweza kubaki moja au yasiwepo kabisa. Tarehe 28 Februari ni sikukuu ya Andalucía nzima, kwenye kalenda zetu haipo. Stendi ya basi tafuta namba ya dársena, ndo sehemu linapopaki basi lako, na Sevilla stendi ni mbili tofauti, Plaza de Armas na Prado de San Sebastián, soma tiketi vizuri unatokea ipi.

Córdoba siku tatu zinatosha. Ule msikiti wa zamani wenye nguzo zaidi ya 850, ulioanza kujengwa mwaka 785 hivi, ni kanisa kuu tangu 1236, Waislamu mnaoenda mjue kabisa kwamba kuswali ndani hawaruhusu, walinzi wanakuja, ingia uangalie kwa utulivu tu. Nenda asubuhi sana kabla ya makundi.

Sevilla utaielewa mwenyewe, sina mengi, kaa karibu na katikati utembee kwa miguu. Ila toka siku moja uende Itálica, mji wa Warumi, basi la M-170A kutoka Plaza de Armas halifiki hata nusu saa kama foleni si kubwa. Hapo ndo utanunua kadi ya Consorcio de Transporte, inauzwa kwenye vibanda vya sigara, unaweka salio, inapunguza nauli ya mabasi ya kuzunguka miji, inafanya kazi mikoa mingine ya Andalucía pia, na kadi moja mnaweza kulipia watu wawili watatu.

Kadi hiyohiyo ukifika Cádiz inakupandisha boti. Cádiz ndo mji wa kumalizia safari kwa yeyote aliyekulia karibu na bahari, maji yamezunguka karibu pande zote, stesheni ipo mlangoni mwa mji wa kale, unashuka na begi unatembea mpaka chumbani. Asubuhi pita soko la samaki pale Mercado Central, meza zimejaa jodari, ngisi na kamba, wamama wanabishana bei, utajihisi upo soko la Feri. Boti ya kwenda El Puerto de Santa María ni nusu saa hivi kuvuka ghuba, upepo ukiwa mkali haiendi, hapo unatumia treni. Mabasi ya Comes yanakupeleka Vejer na Tarifa, kwa Vejer muulize dereva kama linapanda juu mjini au linakuacha chini La Barca, maana mlima ule na jua la mchana si mchezo.

Msosi una saa zake. Mchana jiko linafunguliwa kati ya saa saba na nusu na saa kumi, usiku halifunguliwi tena mpaka saa mbili au tatu, katikati hapo jikoni hakuna mtu, kwahiyo usipange basi la saa nane mchana halafu utegemee kula ukifika. Tafuta menú del día, mlo kamili wa mchana kwa bei moja, ndo unashiba kwa bei chee. Nguruwe wanamuweka mpaka kwenye maharage na mboga, sema mapema sin cerdo, sin jamón. Granada ukiagiza kinywaji, hata soda, mara nyingi wanakuletea kisahani cha chakula bila kulipia.

Kurudi, Cádiz mpaka Málaga kuna basi la pwani, linatumia muda wa saa nne au zaidi, au rudi Sevilla upande AVE mpaka Madrid kama ndege yako inatokea huko. Vyovyote vile usiku wa mwisho lala mji wenye uwanja wa ndege, usiunganishe basi la mbali na ndege siku hiyohiyo. Na kama ndege ni ya alfajiri angalia treni ya kwanza ya C1 inaanza saa ngapi, hazitembei usiku kucha, ikishindikana agiza teksi jioni yake pale mapokezi.