Mashindano ya mitumbwi ya kuchangia utafiti wa saratani: yapange hivi hapa Mombasa

Khalati yangu alikua anapenda chai ya rangi iliyotoka jikoni saa hio hio, kikombe hakikai hata dakika mbili mbele yake. Afu wali ukaanza kumkwama, baadae mkate, mwisho hata uji haupiti, na tulipofika hospitali tukaambiwa ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na tushachelewa. Tulichanga, kila mtu Mombasa anajua kuchanga, na bili ikalipwa. Lakini kwa nini ugonjwa huu unashika watu wengi namna hii huku kwetu, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Malawi, hilo mchango wa bili haulijibu. Ndio manake mimi nachangisha ya utafiti, na nachangisha baharini kwa sababu mashindano ya makasia watu wetu wanayajia bila kuitwa mara mbili.

Kabla hujatafuta mtumbwi hata mmoja, jua pesa zinaenda wapi. Tafuta watafiti wenyewe, wa chuo kikuu au hospitali kubwa au KEMRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, waambie wakuonyeshe kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, na barua ya kamati ya maadili, afu muandikiane: pesa hizi zitanunua nini hasa. Friji ya kuwekea sampuli, nauli za wagonjwa wanaohojiwa, mshahara wa msaidizi, chochote, bora kiandikwe na kiwe na bei. Sisi mara ya kwanza tulikabidhi pesa kwa kupeana mikono na kupiga picha tu, risiti tukaifukuzia miezi, na watu wakawa wananisimamisha njiani kuniuliza mchango wao ulifika wapi na mimi sina jibu. Iliniuma sana.

Utaulizwa pia mbona usimpe mgonjwa moja kwa moja. Swali hilo ni la haki, lijibu kwa mfano. Mimi nawaambia kuna watafiti waliofanya kazi Eldoret, Moshi na Blantyre, wakawauliza watu mpaka chai wanainywa ikiwa moto kiasi gani, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika vitu ambavyo huenda vinaleta saratani ya umio. Mwambie mtu hivo akiwa ameshika kikombe chake mkononi, uone kama hatakiweka chini kipoe kwanza.

Sasa tarehe, na hapa usikimbilie kalenda ya ofisini, angalia mwezi. Tuliwahi kuweka Jumapili ya mwezi mpevu saa nne asubuhi, yaani bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukauka kupita kawaida, maji yakakauka kabisa, mitumbwi ikalala kwenye matope na wageni wanatuangalia. Hapa kwetu bamvua hujaa kama saa kumi na hukauka kama saa nne. Maji mafu, mwezi wa juu ukiwa na siku saba nane au ishirini na moja ishirini na mbili tangu uandame, ni kinyume chake, yanajaa saa nne saa tano asubuhi na mkondo wake hauvuti sana, hapo ndio siku yako. Hakikisha na jedwali la maji la bandari, na muulize mzee mvuvi wa hapo hapo. Kusi likivuma, Aprili hadi Septemba hivi, bahari inachafuka, mimi napenda Februari manake tarehe 4 ni siku ya saratani duniani na watu wanakua washasikia habari zake redioni. Tazama isiangukie Ramadhani, usimpigishe mtu makasia na saumu.

Mahali, makasia ni Tudor maana kuna kinga ya upepo. Ukitaka kuongeza na kuogelea, usifanyie huko, kuna maji taka yanaingia, peleka Nyali au Bamburi ndani ya mwamba, na ukiingia eneo la hifadhi ya bahari ongea na KWS, shirika la wanyamapori, mapema. Likoni usifikirie kabisa, meli za Kilindini zinapita hapo na ferry hazipumziki. Ruhusa ni za polisi, kaunti, BMU, yaani kamati ya wavuvi wa ufukwe, na uwajulishe Kenya Maritime Authority na walinzi wa pwani. Ulizia pia kibali cha kuchangisha pesa kwa umma. Anza miezi mitatu kabla.

Laifu jaketi ni moja kwa kila kichwa, hata kwa nahodha anaesema amezaliwa majini. Mzee wetu wa BMU anazikagua asubuhi, anailowesha mikanda, anaivuta kwa nguvu zote, ikiteleza kwenye kifungo anaitupa pembeni bila kubishana na mtu. Boti mbili za injini zikae majini muda wote, na watu wa huduma ya kwanza ufukweni.

Pesa usikusanye kwa ndoo. Fungua paybill ya shughuli hio peke yake, na jina la akaunti liwe namba ya mtumbwi, hivo kila timu inajulikana imeleta ngapi. Kila timu itafute watu wa kuahidi pesa kwa kila mzunguko mtumbwi wao utakaomaliza, hata shilingi 50 mzunguko mmoja zinajaa ukiwa na watu mia. Gharama za jaketi, mafuta na spika watafutie wafadhili mbali, ili mchango wa mama wa mahamri uende wote kwenye utafiti.

Na weka mtumbwi wa waliopona. Zamani madaktari waliwakataza wanawake waliotibiwa saratani ya titi kazi nzito za mikono, wakiogopa mkono utavimba, mpaka mwaka 1996 Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie akawapandisha wanawake 24 kwenye boti ya makasia na hakuna hata mmoja aliepata uvimbe huo. Huo nao ni utafiti uliofanyiwa majini! Kwetu wapate ruhusa ya daktari kwanza, wafanye mazoezi wiki kadhaa pole pole, na siku yenyewe waondoke wa kwanza, peke yao, watu wote wakiwa kimya mpaka kasia la kwanza liguse maji.

Mitumbwi ikirudi hesabu vichwa kabla ya zawadi. Jumla itangazwe hapo hapo kwenye maiki, na ndani ya wiki moja bandika ukutani pale bandarini karatasi ya hesabu yote pamoja na risiti ya watafiti.