Vipande ving'aavu vya stenlesi kwenye ukuta wa chuo: kuanzia kupima jua hadi kuosha chumvi

Tunapamba ukuta kwa vipande vya stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) vinavyoakisi mwanga kama kioo. Mfano wetu ni ukuta wa nje wa mita 6 kwa 3, wa matofali na lipu, kwenye jengo la chuo hapa Unguja. Nakshi iwe ya mwisho kuamuliwa. Cha kwanza ni jua.

1. Pima jua

Ukuta unaotazama magharibi ndio msumbufu kuliko yote. Kiasi cha saa kumi na nusu alasiri jua huwa nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa macho, na kipande kilichofungwa mita 3 juu hurusha mwanga hadi mita 5 mbele, mara nyingi ndiyo njia ya wanafunzi. Jua likizidi kushuka, mwanga huenda mbali zaidi, hadi usoni mwa dereva. Mashariki ni hayo hayo, asubuhi.

Kaskazini au kusini ni afadhali. Adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini, nyuzi kama 60. Ya Disemba liko kusini, nyuzi kama 73. Mwanga huangukia karibu na msingi. Panda maua hapo, usiweke viti. Angalia pia chumba cha kusalia kiko wapi: kibla chetu ni karibu kaskazini kabisa, hivyo ukuta unaotazama kusini mbele ya madirisha ya chumba hicho utawamulika wanaosali.

Ukuta uliobonyea ndani, achana nao. Jengo la 20 Fenchurch Street, London, lilikusanya jua mwaka 2013 hadi likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani.

2. Nunua bati sahihi

Stenlesi ya daraja 316, unene mm 1.5. Daraja 304 ni rahisi, ila kwa upepo wa chumvi hutoa madoa ya kahawia mapema, hata ndani ya kisiwa, sehemu kama Tunguu. Sumaku haizitofautishi, dai cheti cha kiwanda kinachoonyesha molibdeni (metali inayosaidia kuzuia kutu ya chumvi) asilimia 2 hadi 3.

3. Kata vidogo

Vipande vya mm 200 kwa 200, nafasi mm 10 kati yao: safu 14 za vipande 28, jumla 392. Ongeza 20 vya akiba. Kila kimoja kina uzito wa kilo 0.48. Bati zima la mita 2 hutanuka zaidi ya milimita moja juani, na likibanwa pande zote hufanya mawimbi. Diski ya grainda iliyokwisha kukata chuma cha kawaida isiguse kazi hii: chembe zake hubaki na kuota kutu.

4. Funga

Toboa matundu mawili ya mm 6 kwenye pembe zinazokabiliana, mm 20 kutoka kila ukingo. Ukutani toboa mm 8, kina mm 65, na fisha ya nailoni (kishikio cha skrubu) iingie ndani ya tofali. Ikiishia kwenye lipu itang'oka. Skrubu ziwe 316 za mm 5 kwa 80, pamoja na kibomba cha nailoni cha mm 15 nyuma ya bati ili maji yapite.

Uzuri unatoka hapa: kwenye baadhi ya vipande, ongeza washa (vipete bapa vya skrubu) mbili za nailoni za mm 2 upande mmoja tu. Kipande huinama nyuzi 1, mwanga husogea nyuzi 2, na ukuta mzima humetameta mtu anapopita. Usikaze kupita kiasi. Pale penye skrubu uso hubonyea, na taswira ya mtu hupindika hapo hapo.

5. Safisha

Rangi ya ukuta imalizike kabla ya kufunga. Plastiki ya kinga ibanduliwe mara kazi ikiisha, maana gundi yake ikipigwa na jua wiki nyingi haitoki. Simenti iliyoruka usiiondoe kwa asidi ya kusafishia vigae, wala usitumie klorini. Zote hutoboa vishimo.

Osha kila mwezi kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni kidogo, kisha kausha kwa kitambaa. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai. Safu ya juu chini ya paa ioshwe zaidi, kwa sababu mvua ya masika haiifikii na chumvi hujikusanya pale.